Meza na kibao cha mbao jikoni: chagua vizuri, kausha kila siku

Mama, ukimkatia kuku mbichi kwenye kibao, maji yake hubaki kwenye mbao. Ukikatia hapohapo embe la mtoto bila kuosha, vijidudu vya kuharisha huhamia kwenye embe. Kuku utampika, embe halipikwi.

Hii haina maana kwamba mbao ni mbaya. Meza au kibao cha mbao ni salama kama hakina nyufa, kinaoshwa na kinakauka.

Unaponunua

- Ukiagiza meza kwa mafundi wa Keko au ukinunua kibao Kariakoo, chagua mbao ngumu kama mninga au mkongo. Msonobari ni laini, kisu huuchimba haraka.
- Pitisha kiganja juu yake. Usichukue chenye ufa au kiungo kilichoachia.
- Usitumie mabaki ya mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu. Usizipikie hata kama kuni.
- Sehemu ya kukatia isipakwe rangi wala vanishi. Kisu huikwangua ikaingia kwenye chakula.

Kila siku

- Tenga vibao viwili: kimoja cha nyama, kuku na samaki wabichi, kingine cha matunda, kachumbari na mkate. Kama unacho kimoja tu, anza na vinavyoliwa vibichi, nyama iwe ya mwisho.
- Osha kwa maji ya moto na sabuni mara tu unapomaliza. Usikiloweke kwenye beseni, mbao hufura kisha hupasuka.
- Baada ya nyama mbichi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha jiki isiyo na manukato kwenye lita 4 za maji safi. Paka, subiri dakika chache, suuza. Usiichanganye na dawa nyingine, na iweke mbali na watoto.
- Kisimamishe panapopita upepo, pande zote zikauke. Kama mnatumia ua mmoja na wapangaji wengine, kiweke juu, mbali na choo na kuku.
- Meza ifute ikauke kabla ya kulala. Usiache kitambaa kibichi juu yake.

Mikwaruzo midogo huondolewa kwa msasa. Kibao chenye ufa usiosafishika, kiache.

Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, na uendelee kumnyonyesha au kumlisha. Akitoa damu, akishindwa kunywa au macho yakididimia, mpeleke kituo cha afya mara moja.