Masisi: Mbele ya kuvuta senyenge, majirani waitwe kwenye mpaka

Kwenye vilima vya Masisi, Kivu ya Kaskazini, ukiona senyenge ujue ndani kuna ngombe, ao walikuwako mbele ya vita. Kazi ya kuifunga huanzia kwenye mikaratusi. Nguzo hukatwa, hutolewa maganda na kuachwa zikauke. Mti ukichimbiwa mbichi, hukaukia ndani ya udongo, unapungua, na nguzo inaanza kucheza. Wengine huchoma sehemu ya chini hadi iwe nyeusi, ili mchwa wasiile haraka.

Nguzo za pembe ndizo za kuangalia sana. Ziwe nene, zizame zaidi ya nusu metre, na kila moja iegemezwe na mti wa mshazari, maana ndizo hubeba mvuto wote wa waya. Pembe ikiinama, mstari mzima unalegea. Ngombe huzuiwa na nyaya tatu ao nne. Mbuzi atapita hapo bila hata kupunguza mwendo. Misumari ya U haipigwi hadi mwisho: waya ubaki na nafasi ya kuteleza, ili kesho uweze kuvutwa tena.

Asiye na pesa ya kununua waya hupanda minyaa. Tawi likichomekwa linashika lenyewe, na maziwa yake ni sumu mbaya kwa macho, kwa hiyo watoto waonywe. Faida yake nyingine: hakuna mwizi anayekuja usiku kukata minyaa akaiuze.

Lakini ugumu wa Masisi hauko kwenye nguzo. Malisho mengi makubwa yalikuwa mashamba ya wakoloni, na kwa zairianisation ya 1973 yakapita katika mikono ya watu waliokuwa karibu na utawala. Mwaka uleule, sheria ya tarehe 20 Julai ilitangaza kwamba udongo ni mali ya Serikali. Kwa ardhi za wenyeji, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais wa Jamhuri. Miaka makumi ilipita, agizo halikutoka. Ndiyo maana huyu anaonyesha cheti cha kuandikisha, na jirani yake anaonyesha neno la mwami na makaburi ya babu zake. Senyenge ikipita kati yao, imekata kesi ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Na kuna wale waliokimbia. Familia inayorudi kutoka kambini inaweza kukuta waya umepita juu ya shamba lake la maharagi, ama umefunga njia ya mama kwenda kuteka maji.

Mwenye busara hutembea mpaka wote kwa miguu kwanza, pamoja na majirani wa pande zote na chefu wa kijiji, wakipanda miti ya alama mbele ya shimo la kwanza. Karatasi hutiwa sahihi siku hiyohiyo. Na pale njia ya maji inapokata mpaka, huacha mlango, mpana wa kutosha mtu mwenye bidoni mgongoni.