Mfupa Umeunga: Je, Chuma Kitolewe?

Ndugu msomaji, siku hizi katika familia nyingi za mkoa wetu wa Mara hakosekani ndugu au jirani mwenye chuma mwilini. Mmoja alianguka na pikipiki pale Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mwingine aliteleza akishusha samaki kutoka mtumbwini Musoma. Mtoto wa Butiama alianguka kutoka juu ya mwembe. Wote walifanyiwa upasuaji, mfupa ukashikizwa kwa chuma, na sasa wanatembea. Ndipo linapozuka swali nyumbani: "Mfupa umeshaunga. Chuma hiki kitakaa humo mpaka lini?"

Swali hili si dogo. Familia inaweza kuuza ng'ombe ili kulipia upasuaji wa pili ambao haukuhitajika. Na kinyume chake, mtu anaweza kuvumilia kidonda kinachotoa usaha kwa miezi mingi akidhani ndivyo chuma kilivyo. Makosa yote mawili yanaepukika tukielewa jambo moja: hatuulizi tu kama chuma kipo, tunauliza kinamsumbua nini mwenye nacho.

Kazi ya chuma

Chuma hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe. Chuma huushika tu usicheze wakati unajiunga, kama mti unaoegemezwa kwenye ukuta wa udongo mpaka ukauke. Kuna bamba linalofungwa kwa skrubu juu ya mfupa. Kuna msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa wa paja au wa muundi. Kuna pini nyembamba, na kuna vyuma vya nje ambavyo wengine huviita antena.

Msumari wa ndani ya mfupa ulianza kutumiwa na daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na Hospitali ya Bugando, Mwanza, zimetumia sana msumari uitwao SIGN. Huo ulitokana na kazi ya Dk. Lewis Zirkle, aliyeanzisha shirika lenye jina hilo huko Marekani mwaka 1999, ili hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji nazo ziweze kutibu mifupa iliyovunjika.

Hofu zinazotusumbua

Wengine husema chuma kitaota kutu mwilini. La hasha. Vyuma hivi ni vya pua isiyoshika kutu au vya titani. Si kama msumari wa bati. Wengine huogopa kwamba kitavuta radi, na sisi wa Kanda ya Ziwa radi tunaijua. Lakini radi hupendelea mahali palipo wazi na palipoinuka. Haimtafuti mtu kwa sababu ya chuma kilicho ndani ya mfupa wake. Wapo pia wanaosikia maumivu kidogo wakati wa baridi. Hayo peke yake si dalili ya hatari.

Kwa mtu mzima ambaye mfupa umeunga vizuri, hana maumivu na anafanya kazi zake kama kawaida, chuma kinaweza kukaa mwilini maisha yake yote. Kijana wetu wa Bunda mwenye msumari pajani, anayeendesha pikipiki na kulima pamba bila shida, hana sababu ya kukimbilia kisu.

Wakati kinapofaa kutolewa

Hata hivyo, ziko hali ambazo chuma hutolewa:

1. Vyuma vya nje na pini zilizotokeza kwenye ngozi. Hivi huwekwa kwa muda tu. Pini za vidole au za kiwiko cha mtoto mara nyingi hutolewa baada ya wiki 3 hadi 6. Usikose tarehe uliyopangiwa.

2. Chuma kinachokera mahali penye nyama kidogo, kama kifundo cha mguu, kiwiko, goti au mtulinga. Mvuvi wetu wa Musoma ambaye kila akivaa buti skrubu inamchoma kwenye kifundo ana sababu nzuri ya kwenda kuuliza.

3. Wadudu wa ugonjwa wameingia. Dalili zake ni uvimbe, joto, usaha, tundu lisilopona, pengine na homa. Hapa usisubiri. Lakini fahamu kwamba kama mfupa bado haujaunga, daktari anaweza kusafisha kidonda na kukiacha chuma kwa muda, kwa sababu bado kinaushikilia mfupa.

4. Chuma kimelegea au kimekatika. Mfupa usipounga, chuma hubeba mzigo peke yake mwezi baada ya mwezi, hatimaye hukatika kama waya unaopindwa huku na huko. Maumivu mapya kwenye mguu uliokuwa umetulia yanadai picha ya eksirei. Hapo tatizo kubwa ni mfupa wenyewe, si chuma tu.

5. Watoto. Mfupa wa mtoto unakua, na ukikua unaweza kukifunika chuma hata kikawa kigumu kutoa. Kwa hiyo misumari laini inayowekwa kwenye paja la mtoto mara nyingi hutolewa baada ya miezi 6 hadi 12. Mzazi wa mtoto wetu wa Butiama asikae kimya kwa sababu mtoto anakimbia na wenzake. Amrudishe kliniki aangaliwe.

Kwa nini daktari aweza kusema "Kiache"

Kutoa chuma ni upasuaji kamili. Kuna dawa ya usingizi au ganzi ya mgongo, damu hupotea, na wadudu wanaweza kuingia mahali palipokuwa pamepona. Mishipa ya fahamu inaweza kuumizwa, hasa kwenye mkono wa juu na kigasha, ambako mshipa hupita karibu na bamba. Skrubu inaweza kuzunguka bure au kukatikia ndani. Na matundu yanayobaki huufanya mfupa uwe dhaifu kwa miezi kadhaa, hata uweze kuvunjika tena.

Jambo jingine ni hili: si kila maumivu huisha chuma kikitoka. Kama yanatoka kwenye kiungo kilichoumia siku ya ajali, yatabaki. Ndiyo maana daktari hukuuliza panapouma, na panauma wakati gani.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Nenda kwanza kliniki ya mifupa ukapige picha. Anza na hospitali iliyo karibu nawe. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma, au Bugando. Chukua picha za zamani na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Karatasi hiyo ina thamani, kwa sababu kila aina ya chuma ina bisibisi na vifaa vyake vya kuchomolea. Daktari akijua ni chuma cha aina gani, hatafungua mguu ndipo agundue kwamba vifaa havipo.

Kisha uliza bila aibu: Je, mfupa umeunga kabisa? Chuma hiki kikibaki, kitanidhuru vipi? Kikitolewa, maumivu yangu yatakwisha? Nitakaa siku ngapi bila kufanya kazi? Gharama ni kiasi gani, na bima yangu inalipa? Kwa mtu mzima asiye na dharura, madaktari mara nyingi husubiri mwaka mmoja hadi miwili tangu upasuaji wa kwanza. Basi una nafasi ya kufikiri na kushauriana na wa nyumbani.

Kikishatolewa

Wengi hutembea mapema, lakini mfupa wenye matundu unahitaji kuheshimiwa. Kwa muda utakaoambiwa na daktari, mara nyingi wiki kadhaa hadi miezi 3 au 4, usibebe gunia, usicheze mpira, usipande pikipiki kwenye njia mbovu. Kama ni msimu wa kulima, panga mapema nani atashika jembe lako. Usikubali kuchuliwa mahali hapo, wala usimwite fundi wa mitaani kuvuta pini iliyotokeza.

Ndugu msomaji, chuma kisichokusumbua si adui; ni mtumishi aliyemaliza kazi na kukaa kimya. Chuma kinachouma, kinachotoa usaha au kilicho ndani ya mtoto anayekua, hicho kipeleke kwa daktari mapema. Na uamuzi wowote mtakaoufikia, ufikieni mkiwa na picha ya eksirei mkononi.