Mfano na Mpaka Wake: Lenzi ya Plazma

Mwalimu wa sayansi hana budi kutumia mifano. Lakini mfano usiowekewa mpaka huweza kumpotosha mwanafunzi. Katika makala haya twakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutazama lenzi ya plazma, chombo kinachokusanya mkondo mkubwa wa ioni.

Ioni ni atomu yenye chaji ya umeme kwa kuwa imepungukiwa au imezidiwa na elektroni. Hapa twazungumzia ioni za chaji chanya. Mwanafunzi asikiapo neno "lenzi" hukumbuka kioo kikusanyacho mwanga wa jua. Mfano huo wafaa, ila una mpaka. Miali ya mwanga hupishana bila kusukumana. Ioni za chaji moja husukumana. Kadiri zinavyosongamana, ndivyo zinavyozidi kusukumana, na mkondo hutawanyika.

Mwaka 1947 Dennis Gabor, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alipendekeza kutumia wingu la elektroni. Plazma ni gesi ambayo elektroni zimebanduka kutoka katika atomu. Wingu hilo ni plazma ya elektroni peke yake. Kwa kuwa zina chaji hasi, elektroni huzivuta ioni kuelekea katikati. Sumaku huzizuia elektroni zisikimbilie pembeni, na umeme uliowekwa kwenye ncha mbili za chombo huzizuia zisitoke. Ioni ni nzito mno: hata protoni, iliyo nyepesi kupita ioni zote za chaji chanya, huizidi elektroni kwa uzito mara 1,836 hivi. Kwa hiyo hupenya wingu hilo, zikipindishwa kidogo kidogo hadi zikutane.

Darasa la shule ya msingi halihitaji chombo hicho. Mwalimu na awashe tochi mbili, apishanishe miali yake, wanafunzi waone kuwa alama za mwanga ukutani hazikusogea. Kisha, siku isiyo na unyevu, asugue baluni mbili kwa nguo ya sufu na kuzining'iniza kwa nyuzi karibu karibu; zitaachana. Kabla ya kueleza, aulize: "Je, baluni nyingi za namna hii zingekubali kukusanyika mahali pamoja?" Jibu watalitoa wenyewe.

Hivyo wanafunzi watajua mwanga na ioni vinafanana wapi, na vinatofautiana wapi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau mara nyingi tunapoandaa somo.