Tani Moja ya Kaboni Ina Bei Gani Ulaya?

Tarehe 16 Aprili 2013 Bunge la Ulaya, likiwa Strasbourg, lilipigia kura pendekezo ambalo kwa mtu wa kawaida lingeonekana kazi ya makarani tu: kuahirisha mnada wa vibali milioni 900 vya kutoa hewa ukaa. Wabunge 334 walikataa, 315 wakakubali. Kibali kimoja, ambacho ni ruhusa ya kuachia angani tani moja ya kaboni dayoksaidi, kikaporomoka hadi chini ya euro 3. Februari 2023 kibali cha aina hiyohiyo kilivuka euro 100.

Anayetaka kuielewa sera ya tabianchi ya Ulaya na aanze na bei hizo mbili. Malengo yenyewe yanafahamika. Sheria ya mwaka 2021 inaufunga Umoja wa Ulaya kufika 2050 bila kuongeza gesijoto angani, kwa maana kwamba zitakazotolewa zisizidi zile zinazonyonywa na misitu, udongo na mitambo. Kabla ya hapo, kufikia 2030, utoaji unapaswa kuwa umeshuka kwa angalau asilimia 55 ukilinganishwa na 1990. Lakini lengo lililoandikwa katika sheria halizimi tanuri hata moja. Mwenye tanuri hulizima akiona linamla fedha, na Ulaya imejenga gharama hiyo kupitia soko la vibali lililoanza 2005.

Kwa nini soko, wakati kodi ingekuwa rahisi zaidi kueleweka? Sweden hutoza kodi ya kaboni tangu 1991. Tume ya Ulaya nayo ilipendekeza kodi ya namna hiyo kwa nchi zote wanachama mwaka 1992, ikagonga ukuta. Masuala ya kodi katika Umoja huo huhitaji ridhaa ya kila nchi, hivyo mmoja akikataa, mjadala umekwisha. Soko la vibali lilipitishwa kama sheria ya mazingira, na sheria za mazingira hupita kwa wingi wa kura. Wachumi wenzangu hupenda kulisifu soko hili kwa umahiri wake. Ni nadra wakumbuke kwamba limezaliwa pia na kanuni za upigaji kura.

Utendaji wake hauna siri. Kila mwaka hupangwa idadi ya vibali. Mitambo ya umeme, viwanda vya chuma na saruji, wasafishaji wa mafuta, ndege zinazoruka ndani ya Ulaya na, tangu 2024, meli kubwa, wote hupima walichotoa kisha hurejesha vibali vinavyolingana na tani hizo. Anayepungukiwa hupigwa faini inayoanzia euro 100 kwa kila tani, na deni la kibali humfuata mwaka unaofuata. Msomaji anayefuatilia vibali vya kuagiza sukari kwetu hahitaji maelezo zaidi: vikitolewa vichache ni mali, vikimwagwa ovyo ni karatasi.

Ulaya ilivimwaga. Katika awamu ya kwanza kila serikali ilipendekeza yenyewe mgawo wa viwanda vyake, na kila serikali ikavihurumia. Takwimu zilipotoka Aprili 2006 zikionyesha kwamba vibali vilikuwa vingi kuliko moshi, bei ilianguka, na mwisho wa 2007 ilikuwa karibu na sifuri. Mtikisiko wa kifedha wa 2008 ukafuata: viwanda vikapunguza uzalishaji, vibali vikalala kabatini, na kufikia 2013 ziada ilikuwa zaidi ya bilioni mbili.

Juu ya ziada hiyo ziliongezeka hati za kaboni kutoka nje, yaani uthibitisho kwamba mradi fulani, labda wa China au India, umepunguza tani moja ambayo kiwanda cha Ulaya kingeweza kuihesabu kama yake. Baadhi ya viwanda vya gesi ya majokofu katika nchi hizo viligundua kwamba kuteketeza taka zao za gesi kunalipa kuliko kuuza gesi yenyewe. Mfumo uliokusudiwa kupunguza taka ukawa unalipa taka zizalishwe. Ulaya ilizipiga marufuku hati za aina hiyo mwaka 2013. Wezi nao hawakulala: mwishoni mwa 2009 Europol ilikadiria kwamba udanganyifu wa kodi ya ongezeko la thamani kupitia biashara ya vibali ulikuwa umezigharimu hazina za serikali takriban euro bilioni 5.

Hatimaye vibali vile milioni 900 viliondolewa mnadani kwa muda, baada ya kura nyingine. Tiba ya kudumu ilianza 2019 kwa kuundwa hifadhi inayonyonya ziada kila inapovuka kiwango kilichowekwa. Tangu 2024 ukomo wa vibali unashushwa kwa kiwango cha asilimia 4.3 kwa mwaka. Bei ikapanda, na mahesabu ya umeme yakabadilika. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa takriban tani moja ya kaboni kwa kila megawati-saa, ule wa gesi asilia hata nusu yake haufiki. Kibali kikiwa euro 80, mwenye makaa anabeba gharama inayozidi ya mwenzake kwa euro 40 au zaidi kabla hata hajanunua tani ya makaa. Mwenye upepo au jua halipi kitu. Kufikia 2024 utoaji wa sekta zilizomo sokoni ulikuwa karibu nusu ya ule wa 2005. Ruzuku za nishati jadidifu zilichangia sana, nami sitaki kulipa soko sifa isiyo yake.

Viwandani mambo ni magumu zaidi. Saruji huanza na jiwe la chokaa, na jiwe hilo likichomwa hutoa kaboni lenyewe, hata tanuri likiwashwa kwa kuni, gesi au umeme. Kiwanda cha Brevik, Norway, nchi ambayo nayo imo katika soko hili, kilianza mwaka 2025 kunasa kaboni hiyo ili ikazikwe chini ya bahari, kwa kiwango cha takriban tani 400,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama nusu tu ya kinachotoka.

Kwa kuhofia viwanda vihamie nje, Ulaya imevipa vibali vya bure kwa miaka mingi. Sasa vitapunguzwa kidogo kidogo kuanzia 2026 hadi viishe 2034, huku ushuru wa kaboni mpakani ukichukua nafasi yake kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni zinazotoka nje. India na China zimelalamika wazi. Barani kwetu, alumini ya Msumbiji iko hatarini kuliko chai na kahawa, ambazo ushuru huu hauzigusi.

Mtihani ninaouona mkubwa kuliko huo ni soko la pili, la mafuta ya magari na ya kupasha nyumba joto, lililosogezwa kutoka 2027 hadi 2028. Mzigo huu utamfikia mwenye nyumba moja kwa moja, na Ufaransa haijawasahau waandamanaji wa vizibao vya njano waliojaa barabarani Novemba 2018 kwa sababu ya kodi ya mafuta.

Mwishoni mwa 2025 Umoja huo ulikubaliana kupunguza asilimia 90 kufikia 2040, lakini hadi alama tano kati ya hizo zitaweza kutimizwa kwa hati kutoka nje kuanzia 2036. Mlango uliofungwa kwa aibu unafunguliwa upya. Ulipokuwa ukifungwa 2013, miradi mipya ya nchi maskini zaidi peke yake ndiyo iliyoendelea kukubaliwa: Tanzania na Uganda zilikuwamo, Kenya haikuwamo. Hati za misitu hazikukubaliwa katika soko la vibali wakati wowote, na nadhani ubishi mkubwa utazuka hapohapo tena, kwa kuwa msitu unaweza kuungua mwaka ujao ilhali kaboni iliyoruhusiwa kwa jina lake hubaki angani kwa karne nyingi.