Loch Morar, ziwa la kina na hadithi ya Morag

Loch Ness nani asiyeijua? Lakini ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Uingereza ni Loch Morar, magharibi mwa Scotland: mita 310. Maji yake ni baridi na maangavu, na wavuvi huenda na mishipi yao kutafuta trauti na samoni.

Wazee wa huko wakisimulia habari za Morag, kiumbe wa majini. Akionekana tu, basi kuna mtu wa ukoo atakufa. Agosti 1969 wavuvi wawili walisema mnyama mkubwa aligonga mashua yao. Mmoja akampiga kwa kasia, mwenziwe akafyatua bunduki.

Jini au si jini, mkienda likizo msiwaache watoto wakaogelea peke yao. Baridi ile ndiyo inayoua kweli.