Mwenye Mtaji Akichoka

Mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, awe Maili Moja, Kibaha, au Kisarawe mjini, hulipia king'amuzi kwa shilingi. Yawezekanaje basi uamuzi wa watu wa London umzimie picha?

Sababu ni hii. Tawi la kampuni ya televisheni hukusanya shilingi, lakini haki za kuonyesha mechi na gharama za setilaiti hulipwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, au wateja wakipungua, pengo huzibwa na wenye mtaji. Nao huvumilia kwa muda. Kisha hudai faida, la sivyo hufunga mkono.

Ndivyo ilivyokuwa kwa GTV, iliyoanza mwaka 2007 ikiwa na Ligi Kuu ya Uingereza. Mgogoro wa fedha duniani ulipokaza, mtaji mpya ulikosekana. Januari 2009 matangazo yalikatika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Dishi likabaki juu ya bati, halina kazi.

Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice, wenye DStv. Mwenye mali mpya naye atataka hesabu.

Basi, tulipe mwezi kwa mwezi. Anayetanguliza fedha za mwaka mzima amekuwa mkopeshaji asiye na dhamana.