Neno Halina Jezi

Mimi ni MC. Naishi Maili Moja, Kibaha, lakini sehemu kubwa ya riziki yangu iko Kisarawe: harusi, kicheni pati, mahafali, na msimu wa kampeni ukifika, mikutano ya wagombea wanaolipa na wasiolipa. Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, tulipakia spika kwenye kirikuu, tukapita Kiluvya, tukatokea Mpuyani na kushika njia ya Maneromango. Ilikuwa harusi ya kawaida: maturubai mawili, pilau, jenereta linalokohoa.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliingia na suti mpya. Nikaona pa kuchekeshea. "Jamani, mpigieni makofi mzee wetu! Suti hii imekula mikorosho mitatu!" Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alikwenda kukaa pembeni, na kabla ya chakula alikuwa ameondoka.

Kumbe mikorosho ilikuwa imekwenda kweli. Mwaka uliotangulia aliiweka rehani ili amtibu mkewe, na mke hakupona. Kijiji kizima kilijua. Asiyejua alikuwa yule aliyeshika kipaza sauti.

Leo nataka kuzungumzia watu wakubwa kuliko mimi: wasanii, wachekeshaji, wasemaji wa timu, watu ambao neno lao moja husikiwa na mamilioni. Naanzia Maneromango kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa namna mtu anavyowajibishwa kwa kauli yake, na tangu hapo kesi nyingine zote nazipima kwa kipimo kile.

Siku nne baada ya harusi nilipigiwa simu. "Kijana, wazee wanakuita." Nilikwenda na utetezi wangu mfukoni. Mimi ni Mnyamwezi, na Wazaramo, wenyeji wa huko, ni watani zetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe kwenda pwani wakikatiza nchi yao. Mtani anaruhusiwa mengi. Anaweza kuingia msibani akamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Lakini mzee yule hakuwa Mzaramo. Alikuwa mtu wa kuja kama mimi, na baina ya kabila lake na langu hakuna utani. Ruhusa niliyodhani ninayo sikuwa nayo.

Niliwakuta wazee watano chini ya mwembe. Nikaamkia, wakaitikia marahaba, nikaonyeshwa mkeka. Niliyemkosea alikaa upande wa pili, akinitazama. Mwenyekiti aliuliza swali moja: "Ulisema au hukusema?"

"Nilisema, mzee wangu, ila nilikuwa nachekesha tu, na kama kuna mtu nimemkwaza..."

Hakuniacha nimalize. "Hakuna kama. Aliyekwazika ni huyu hapa."

Nilihukumiwa kulipa faini ya shilingi 50,000 na jogoo, kisha kuomba radhi kwenye shughuli ya kwanza itakayofuata pale kijijini. "Neno lilitoka na spika," alisema mwenyekiti, "radhi nayo itoke na spika." Halafu akawageukia waliokuja kusikiliza: nikishalipa, atakayelifufua jambo hili ili kunisimanga atatozwa faini yeye. Nikalipa. Jogoo tulimla pamoja. Miaka miwili baadaye mzee yuleyule aliniita kusherehesha harusi ya binti yake.

Wakati kesi yangu inaamuliwa, video ya sekunde chache ya utani ule ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ikafika hata kwa watu wasiojua Maneromango iko wapi. Wengine walitaka nisishike tena kipaza sauti maisha yangu yote. Wengine walisema watu wa siku hizi wanadeka, utani umewashinda. Habari za mzee na mikorosho yake hakuuliza hata mmoja.

Sasa nije kwa wakubwa. Kijiweni kwetu Maili Moja, tunapokunywa kahawa na kashata, kesi ya Haji Manara haijawahi kufungwa. Kwa miaka mingi Manara alikuwa msemaji wa klabu ya soka ya Simba, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwachoma mahasimu wao, Yanga, kwa maneno. Mashabiki wa Simba walimwona fundi wa lugha. Wa Yanga walimwona hana adabu. Julai 2021 akaachana na Simba, na Agosti akatambulishwa Yanga. Mdomo ulikuwa uleule na kejeli zilezile. Kilichobadilika ni jezi. Mshabiki wa Simba aliyekuwa akimtetea kila asubuhi pale kijiweni alianza kutuhubiria staha. Jirani yake wa Yanga, aliyekuwa akitaka Manara afungiwe, akagundua ghafla kwamba mpira bila maneno haunogi.

Julai 2, 2022, siku Yanga walipoifunga Coastal Union kwa penalti katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Manara alijibizana na Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Wallace Karia. Baadaye aliomba radhi hadharani. Mwezi huohuo Kamati ya Maadili ya TFF ikamfungia miaka miwili kujihusisha na soka, na kumtoza faini ya shilingi milioni 20. Kijiweni tuligawanyika kama kawaida: wa nyekundu ya Simba waliona adhabu ni ndogo, wa njano na kijani ya Yanga waliona ni kubwa. Mimi nikaipeleka kesi chini ya mwembe wangu. Aliyekosewa anajulikana, sawa. Adhabu ina kiwango na ina siku ya mwisho, sawa. Kinachonikwaza ni kimoja: aliyekosewa ndiye anayeongoza taasisi iliyotoa hukumu. Maneromango, mzee niliyemkosea hakukalia kiti cha mwenyekiti.

Marekani ugonjwa huu wa jezi umekomaa zaidi, kwa kuwa jezi za huko ni vyama, Republican na Democratic, na mpaka wachekeshaji wana upande. Mei 29, 2018, mchekeshaji Roseanne Barr, aliyekuwa akimuunga mkono Rais Donald Trump, aliandika Twitter maneno ya kumfananisha Valerie Jarrett, mwanamama mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Barack Obama, na nyani. Siku hiyohiyo televisheni ya ABC ikafuta kipindi chake, ingawa kilikuwa kati ya vipindi vilivyotazamwa zaidi nchini humo. Siku iliyofuata mchekeshaji wa upande wa pili, Samantha Bee, alimtukana Ivanka Trump, binti wa rais, tusi la nguoni kwenye kipindi chake. Aliomba radhi, akabaki na kazi. Wafuasi wa Trump wakauliza: mbona wetu kafukuzwa?

Septemba 2025 kibao kikageuka. Baada ya kuuawa kwa Charlie Kirk, mwanaharakati kijana wa kihafidhina, mtangazaji Jimmy Kimmel alitoa kauli iliyowaudhi wahafidhina. Mwenyekiti wa mamlaka ya mawasiliano ya serikali, Brendan Carr, akatoa onyo la wazi. ABC ikakisimamisha kipindi chake Septemba 17, ikakirudisha Septemba 23. Wengi waliolilia uhuru wa kusema mwaka 2018 sasa walishangilia, na wengi waliosema kila neno lina gharama sasa wakaukumbuka uhuru. Kahawa tu ndiyo iliyokosekana, la sivyo wangekuwa jamaa zangu wa Maili Moja.

Ukiweka jezi pembeni, unaona kwamba kesi hizo tatu hazilingani. Kumwita mtu mweusi nyani ni kumtoa katika ubinadamu, na jambo hilo halihitaji wazee watano kuamua. Tusi la Bee lilikuwa chafu na lilikuwa na mwenyewe, akaombwa radhi. Kimmel alizungumzia siasa, na aliyemwekea shinikizo ni ofisa wa serikali. Kila moja ilistahili mizani yake. Mashabiki walitaka kujua tu goli limeingia upande gani.

Nasi tusiwacheke. Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, wasanii wengi walipanda majukwaa ya chama tawala, CCM, wakaimba. Siku ya kura yalitokea maandamano na vurugu, watu wakapoteza maisha, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, vijana wengi waliwageukia mastaa: wakaacha kuwafuata Instagram, wakawaita machawa, yaani wasifiaji wa wakubwa. Mimi nami nilikuwa nimeshika kipaza sauti kwenye mikutano miwili ya kampeni, nikalipwa, kwa hiyo maneno yale nilikuwa nayasoma kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wadaiwa.

Kuacha kumfuata msanii ni haki ya kila mtu. Bando ni lake na kidole ni chake. Msanii aliyelipwa kumsifia mgombea ameuza kitu, na mteja wake wa zamani ana haki ya kwenda duka jingine. Lakini kuchoma au kupora mali ya mtu si kumwajibisha. Na hata katika maneno, swali la mwembe linabaki palepale: alisema nini, na alimkosea nani? Aliyeimba "mpigieni fulani kura" hafanani na aliyewakejeli wafiwa. Wa kwanza unaweza kutokubaliana naye. Wa pili anadaiwa radhi, na aitoe kwa sauti ileile aliyokejelia.

Upande wa pili wa shilingi nao uangaliwe, maana wenye mamlaka nao huweza kuita "kauli chafu" lolote linalowauma. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa wimbo wake "Wapo". Muda mfupi baadaye Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mwaka 2024 Nay huyohuyo akajikuta tena matatani na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, safari hii kwa wimbo "Nitasema". Msanii anapoikosoa serikali, mkosewa ni nani? Serikali haina mke aliyefariki wala mikorosho iliyowekwa rehani. Ina majukwaa, ina wasemaji, na inaweza kujibu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na uhuru huo ungekuwa bure kama ungelinda sifa peke yake.

Wapo wanaosema tunakuza mambo, msanii ni mburudishaji, maneno ni maneno tu. Hao nawaleta Kisarawe. Mwaka 2018 wilaya hiyo ilipata mkuu wa wilaya ambaye nchi ilimjua kwanza kwenye jukwaa la Miss Tanzania 2006, Jokate Mwegelo. Kampeni yake ya Tokomeza Ziro ilihamasisha watu kuchangia elimu ya watoto wa sekondari, na jina lake lilikuwa sehemu ya mvuto. Kama neno la staa linaweza kufungua pochi za watu, haliwezi kugeuka kuwa "maneno tu" siku linapoumiza.

Na kuna mahali maneno yanaweza kufika. Arusha ileile ya fainali ya Manara ilikuwa makao ya mahakama ya kimataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Desemba 2, 2008, mahakama hiyo ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji hayo. Hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasema mwezi Juni 1994, akiwa kwenye msafara barabarani baina ya Kivumu na Kayove, kwa spika zilizofungwa kwenye gari, akihimiza Watutsi wauawe. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilitoka nje nikaitazama kirikuu yetu, na spika zikiwa bado juu.

Mdomo wenye nguvu kiasi hicho unahitaji kufundwa. Kibaha hapa, eneo la Kwa Mfipa, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyozinduliwa Februari 2022 kwa ubia wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Makada hupelekwa pale kufundwa uongozi. Msanii hupewa jukwaa lilelile la kada, mbele ya umati uleule, na anachofundwa ni saa ya kupanda na saa ya kushuka. Vyama vinavyowakodi wasanii, timu zinazoajiri wasemaji na redio zinazorusha vipindi vyao haviwezi kula faida ya mdomo kisha vikakana madeni yake. Wazee wa Maneromango walipomaliza nami, walimwita pia aliyenikodi wakamuuliza kwa nini hakunieleza habari za ukoo wake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kauli ya staa ikikufikia simuni, fanya jambo moja kabla hujashangilia wala kulaani: itie kinywani mwa staa wa upande wako. Bado inauma? Basi inauma kweli. Kisha mtake aliyeisema amtaje aliyemkosea, aombe radhi bila "kama", alipe kinachofahamika, halafu mwache arudi kazini. Ukijikuta unatafuta kwanza amevaa rangi gani, mwenye kudaiwa jogoo ni wewe.